Shaba, alumini na risasi: Hesabu ya hewa chafu yafika barabara ya Mombasa

WASAFIRI wengi hupita Sultan Hamud bila kujua kwamba mji huo una jina la mfalme wa Zanzibar. Hamoud bin Mohammed alitawala visiwa hivyo kuanzia 1896 hadi 1902, wakati ambapo reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea bara. Stesheni ilisimamishwa karibu na maili ya 250, nao mji ukakua kando yake.

Leo mji huo wa kaunti ya Makueni, ulio ubavuni mwa Kajiado, unakutanisha reli, barabara kuu ya Mombasa na nyaya za umeme wa nguvu nyingi. Kutoka kituo cha umeme kilicho hapo, laini ya kilovolti 132 huelekea Wote, kisha Kitui hadi Mwingi.

Mambo hayo matatu ndiyo yanayolisha biashara ya vyuma vikuukuu. Lori linapoharibika barabarani huacha rejeta, betri na vipande vya injini katika gereji. Vitu hivyo hununuliwa kwa kilo, hupimwa kwenye mizani, hurundikwa ndani ya magunia na kusafirishwa hadi viwanda vya Nairobi, Athi River au Mombasa. Kwa bahati mbaya, baadhi ya mali inayopita kwenye mizani za namna hiyo kote nchini haitoki gereji bali hukatwa juu ya nguzo za umeme.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu lugha. Magazetini tumezoea kuita kila kitu cha aina hii "vyuma", ilhali shaba si chuma, wala alumini, wala risasi, wala zinki. Hizi ni metali zisizo na chuma ndani yake. Sumaku haizivuti na hazipati kutu nyekundu. Tofauti hiyo si ya wataalamu wa lugha pekee. Kilo moja ya shaba huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya kilo moja ya chuma, na hiyo ndiyo sababu mwizi hupuuza bati la paa akaparamia transfoma.

Mjadala wa dunia kuhusu metali hizi umebadilika katika miaka ya karibuni. Zamani mnunuzi aliuliza bei na ubora. Sasa, hasa barani Ulaya, anauliza pia: kutengeneza tani hii kulitoa hewa ya kaboni kiasi gani?

Chukua alumini. Kuipata kutokana na udongo wa boksiti ni kazi inayomeza umeme kuliko takriban kazi nyingine yoyote ya kiwandani. Tani moja huhitaji karibu kilowati-saa 14,000. Nyumba inayotumia kilowati-saa 50 kwa mwezi ingeweza kuutumia umeme huo kwa zaidi ya miaka 23. Ikiwa umeme wenyewe unatokana na makaa ya mawe, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Uchina, nchi inayozalisha zaidi ya nusu ya alumini yote ya dunia, basi kila tani huja na zaidi ya tani 15 za hewa ya kaboni.

Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika ni jambo jingine kabisa. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na kinadharia joto linalotakiwa kwa tani moja ni kama kilowati-saa 300 tu. Hata ukihesabu joto linalopotea tanurini, pamoja na usafirishaji na usafishaji, kawi inayotumika ni takriban asilimia tano ya ile ya kuanzia kwenye boksiti. Kenya haina kiwanda cha kutengeneza alumini kutoka boksiti. Alumini yetu yote ama imenunuliwa nje ama imeyeyushwa upya.

Kwa maneno mengine, gunia linaloondoka Sultan Hamud likiwa na rejeta na vipande vya injini ni akiba ya kawi ambayo mtu mwingine, katika nchi nyingine, alikwisha kuilipia.

Kenya ina sifa nyingine ambayo nchi nyingi za viwanda zinaitamani. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo na jua. Mwekezaji akisoma takwimu hizo akiwa mbali atadhani kwamba hapa ndipo mahali pa kuyeyushia metali kwa usafi kuliko kwingine kote.

Sivyo ilivyo, na sababu iko ndani ya tanuri. Mafundi wetu wengi wa jua kali na viwanda vingi vidogo havitumii umeme kuyeyusha. Hutumia mafuta mazito, mafuta machafu ya injini au makaa. Usafi wa Olkaria hauwafikii. Tanuri la umeme lipo sokoni na hufanya kazi vizuri, lakini lina masharti mawili: umeme uwe wa bei nafuu, na usikatike. Umeme ukipotea katikati ya kazi, metali huganda ndani ya tanuri, na kuitoa ni gharama na hasara ya siku nzima.

Kwamba umeme hukatika, Wakenya hawahitaji kuambiwa. Mnamo Januari 11, 2022, karibu nchi nzima iliingia gizani baada ya minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi kuanguka jijini Nairobi. Kiambere ni bwawa lililo mpakani mwa Kitui na Embu. Serikali ilisema vyuma vya minara vilikuwa vimeibwa, na mnamo Januari 20 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akapiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu.

Marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huohuo baada ya serikali kuweka masharti mapya ya leseni. Katika miezi hiyo, mwenye mizani aliyenunua rejeta kihalali alifungiwa sawa na aliyenunua nyaya za wizi, na viwanda vilivyotegemea mali yao vikatafuta malighafi kwingine.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, marufuku ya jumla ni dawa inayomuua mgonjwa pamoja na ugonjwa. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 ilikuwa tayari imeunda baraza la kusimamia biashara hii na kumtaka kila mfanyabiashara awe na leseni. Kilichokosekana si sheria mpya bali mtu wa kuifuata ile iliyopo hadi miji midogo ya barabarani.

Wizi wa nyaya una uchungu wa pekee kwa somo letu. Waya wa laini kubwa za umeme ni nyuzi za alumini zilizosokotwa kuzunguka kiini cha feleji. Alumini hiyo ni safi mno, zaidi ya asilimia 99, kwa sababu uchafu wowote huzuia umeme kupita. Kwa hiyo mali ya wizi ndiyo mali bora zaidi kwa myeyushaji. Naye mwizi anayekata waya huo hukata pia ule umeme ambao ungewezesha tanuri safi kufanya kazi.

Tuje kwenye bei. Viwanda vya Kenya vimelalamika kwa miaka mingi kwamba hulipia umeme ghali kuliko wenzao wa Ethiopia, nchi ambayo tangu Novemba 2022 hutuuzia umeme kupitia laini ya Moyale hadi Suswa. Ushindani wa metali huamuliwa kwa senti chache za kilowati-saa. Nchini Msumbiji, kiwanda cha Mozal karibu na Maputo, kilichofunguliwa mwaka 2000, kilitumia umeme wa maji wa Cahora Bassa unaopitia Afrika Kusini. Hata hivyo, Desemba 2025 kampuni ya South32 ilitangaza kwamba kingesimamishwa Machi 2026, baada ya kukosekana mkataba wa umeme kwa bei inayoweza kumudika. Hewa safi peke yake haikukiokoa.

Hapa kwetu, Kaluworks, kampuni ya sufuria iliyoanza Mombasa mwaka 1929 na ambayo jina lake lilijulikana karibu katika kila jiko, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2021 kwa sababu ya madeni. Kilichoizamisha hakikuwa kaboni.

Kuna wanaouliza kwa nini tusichimbe makaa ya mawe ya bonde la Mui, Kitui, ili tupate umeme wa bei rahisi. Kampuni ya Fenxi kutoka Uchina ilipewa vitalu viwili huko, lakini makaa hayo bado yako ardhini. Nacho kiwanda cha umeme wa makaa kilichopangwa Lamu kilipoteza leseni ya mazingira mbele ya mahakama maalumu Juni 2019. Hoja ya bei haipuuziki, ila inafika imechelewa. Tani ya metali iliyoyeyushwa kwa makaa inaanza kupoteza wanunuzi wakati huuhuu ambapo sisi tungeanza kuichimbia migodi.

Hilo linatuleta Ulaya. Kuanzia Oktoba 1, 2023, Umoja wa Ulaya uliwataka waagizaji wa alumini, chuma, saruji, mbolea na bidhaa nyingine chache kueleza kiasi cha kaboni kilichotolewa wakati wa kuzitengeneza. Kuanzia Januari 1, 2026, maelezo hayo yamegeuka kuwa malipo. Shaba na risasi hazimo kwa sasa.

Kuna mambo mawili katika kanuni hizo ambayo hayajasemwa vya kutosha hapa nchini. La kwanza, kwa alumini huhesabiwa hewa inayotoka kiwandani penyewe tu. Ile iliyotolewa na mtambo wa umeme bado haihesabiwi. Maana yake ni kwamba mvuke wa Olkaria hauleti nafuu ya moja kwa moja, lakini kuhama kutoka tanuri la mafuta kwenda la umeme kunaleta. La pili, mwagizaji ambaye bidhaa zake za aina hizo hazifiki tani 50 kwa mwaka amesamehewa.

Ni wazi basi kwamba ushuru huu si jinamizi la kesho asubuhi kwa Kenya. Mkataba wa biashara baina ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 1, 2024, lakini wateja wa karibu wa sufuria na mabati yetu ni Uganda na majirani wengine. Tishio la karibu zaidi ni kugombania malighafi. Metali iliyotumika imegeuka dhahabu: Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilisema itaandaa hatua za kuzuia alumini kuukuu isitoke barani humo, maana viwanda vyao vinaihitaji ili kupunguza kaboni. Ikiwa Ulaya inafunga ghala lake, wanunuzi wa Asia watatafuta kwingine, na Mombasa ni bandari.

Katika hali hiyo, kazi inayoonekana duni kuliko zote, yaani kuchambua, ndiyo yenye faida. Kipande cha injini kina silikoni nyingi. Kopo la soda lina magnesi na manganizi. Waya ni alumini tupu. Ukivichanganya katika tanuri moja utapata metali hafifu isiyofaa kutengenezea waya wala kopo, nayo italazimika kuongezwa alumini mpya kutoka nje ili irekebike. Kaboni yote iliyookolewa inarudi kwa mlango wa nyuma. Mwenye mizani anayetenganisha magunia yake matatu anafanya kazi ya mhandisi, ingawa halipwi kama mhandisi.

Shaba nayo ina adui wake, moto. Vijana huchoma nyaya ili plastiki iungue ibaki shaba. Moshi wake una sumu kali, na shaba yenyewe hutoka ikiwa nyeusi, hivyo hushushwa bei. Kuichuna plastiki kwa kisu au kwa mashine ndogo ya mkono huchukua muda, lakini shaba inayong'aa hulipa zaidi.

Kisha kuna risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, joto ambalo hata moto wa kuni hufikia. Urahisi huo ndio hatari yake. Betri za magari na za sola zinazochakaa Makueni na Kitui zina risasi inayoweza kutumika tena na tena. Kiwanda kilichoyeyusha betri katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, hadi kilipofungwa mwaka 2014, kilifanya kazi ambayo kwenye karatasi ingeitwa rafiki wa mazingira. Wakazi walipata sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwanaharakati Phyllis Omido, ambaye mwanawe aliathirika, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikatengua fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Miaka kumi ilipita kati ya kufungwa kwa kiwanda na uamuzi huo wa mwisho. Mwezi mmoja kabla yake, Novemba 2024, serikali ilichapisha kanuni chini ya Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Kanuni hizo zinamtaka mtengenezaji au mwagizaji wa bidhaa, zikiwemo betri, agharimie ukusanyaji wake zinapochakaa. Zikitekelezwa, betri iliyokufa katika gereji ya Sultan Hamud itakuwa na mwenyewe anayejulikana kwa jina, ambaye atapaswa kulipia safari yake hadi kwenye tanuri lenye kichujio cha moshi. Kwa sasa, bei ya betri hiyo bado inapangwa na yeyote anayefika kwanza na mizani.