Makontena ya programu za kompyuta: ni nini, na yanamfaa nani?

Katika miezi ya karibuni washirika wetu kadhaa, hasa wanaoendesha hospitali, wametuuliza swali moja. Wauzaji wa huduma za kompyuta wanawashauri wahamishie mifumo yao "kwenye wingu" na kuiendesha "ndani ya makontena". Maana yake ni nini? Je, ni jambo la lazima au ni mtindo tu wa mjini? Hapa tunajaribu kueleza kwa lugha ya kawaida, ili kamati ya hospitali iweze kuuliza maswali ya maana kabla ya kutia sahihi mkataba.

Shida yenyewe

Tuchukue mfano wa OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kuundwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, nchini Kenya. Haiuzwi, yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bure. Lakini kupata programu bure ni jambo moja, na kuiendesha ni jambo jingine. OpenMRS inahitaji Java. Inahitaji pia programu ya kuhifadhi data, kama vile MySQL au MariaDB, na nyingine ya kuiwezesha kufunguka kama tovuti. Kila moja ina matoleo yake, na si matoleo yote yanayopatana.

Mtaalamu huja, akafunga vitu hivi kimoja kimoja, akabadilisha mipangilio hapa na pale, na siku ya tatu mfumo unafanya kazi. Vizuri. Ila yote aliyoyafanya yamo kichwani mwake. Akihama, au seva ikiungua kwa hitilafu ya umeme, anayekuja baada yake huanza upya, huku wagonjwa wamejipanga mapokezi na makarani wamerudi kwenye daftari.

Somo kutoka bandarini

Wasomaji wetu wa Mombasa na Dar es Salaam wanayajua makontena vizuri, na hata walio mbali na bahari wameyaona yakigeuzwa maduka kandokando ya barabara. Zamani meli ilipakiwa kwa mikono: gunia, pipa, sanduku, kila kitu kwa namna yake. Tarehe 26 Aprili 1956 mfanyabiashara Mmarekani, Malcom McLean, alisafirisha makontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Tangu hapo biashara ya bahari ilianza kubadilika. Mwenye winchi hana haja ya kujua kama ndani mna kahawa au baiskeli. Ananyanyua kontena lenye kipimo kile kile, na lori linalipokea.

Kontena la programu linafanya kazi kwa wazo hilo. Programu inafungwa pamoja na kila inachohitaji: Java ya toleo linalofaa, faili zake na mipangilio yake. Maelekezo ya kuifunga yanaandikwa katika faili moja fupi, ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma na kuirudia. Matokeo yake huitwa imeji, yaani kiolezo kilicho tayari. Imeji huwekwa katika ghala la mtandaoni, na kompyuta yoyote yenye ruhusa inaweza kuichukua na kuiwasha. Kilichofanya kazi kwa mtaalamu mjini kitafanya kazi vivyo hivyo hospitalini. Chombo kilichoeneza utaratibu huu ni Docker, kilichotangazwa mwaka 2013. Siku hizi OpenMRS 3 yenyewe hutolewa hivyo, ikiwa na makontena manne: la mlangoni linalopokea maombi, la kurasa anazoziona muuguzi, la kazi za ndani, na la data.

Mshika usukani

Kontena moja ni rahisi kulisimamia. Lakini tuseme shirika lina hospitali 20 na makontena zaidi ya mia. Nani atajua lipi limezimika saa nane za usiku? Hapo ndipo linapohitajika jukwaa la kusimamia makontena. Linalotumika zaidi ni Kubernetes, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Lilitolewa na Google mwaka 2014, na sasa liko chini ya taasisi isiyo ya faida. Makampuni mengine yamejenga majukwaa yao juu yake, kama OpenShift ya Red Hat.

Jambo la kuelewa hapa ni kwamba mtaalamu halipi jukwaa amri za hatua kwa hatua. Huliandikia hali anayoitaka: "Nataka nakala tatu za programu hii ziwe hai wakati wote." Jukwaa hulinganisha bila kuchoka hali hiyo na hali ilivyo. Nakala moja ikifa, huwasha nyingine bila kumwamsha mtu. Toleo jipya likija, hubadilisha nakala moja baada ya nyingine, ili huduma isikatike. Toleo likiwa na kasoro, agizo moja hurudisha la zamani. Makampuni makubwa huunganisha kazi yote: mwandishi wa programu akihifadhi marekebisho yake, mitambo hujenga imeji mpya, huijaribu, huipeleka ghalani, na jukwaa huiweka kazini.

Wingu nalo si kitu cha angani. Ni majengo yenye maelfu ya kompyuta za kukodi. Amazon ilifungua ya kwake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hulipi jengo wala jenereta, bali ankara ya kila mwezi, mara nyingi kwa dola.

Yanayotaka uangalifu

Kwanza, intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Kenya, Tanzania na majirani zao wakapata shida kubwa ya mtandao. Hospitali ambayo kumbukumbu zake zote ziko wingu la nje ingefanya nini siku hiyo? Kwa maoni yetu uzuri mkubwa wa makontena, ambao wauzaji hawautaji sana, ni huu: imeji zile zile zinaweza kuendeshwa kwenye seva ndogo iliyomo hospitalini, na data zikapelekwa mbali mtandao unaporudi.

Pili, usalama. Imeji haijirekebishi. Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika Log4j, kipande kinachotumiwa na programu nyingi za Java. Imeji iliyofungwa kabla ya hapo ikiwa na kipande hicho bado inao udhaifu huo, hata ukiiwasha leo. Lazima awepo mtu wa kuzijenga upya mara kwa mara, na mkataba umtaje. Pia nywila zisifungwe ndani ya imeji, maana kila anayeichukua anaweza kuzisoma.

Tatu, ukubwa wa kazi. Kubernetes inahitaji watu wenye ujuzi na muda. Kwa hospitali moja yenye seva moja, ni sawa na kukodi lori la tani 30 kubeba gunia moja la mahindi. Makontena manne ya OpenMRS yanaweza kukaa kwenye kompyuta moja na kusimamiwa na Docker pekee. Jukwaa kubwa liwe la wenye vituo vingi, tena wakishirikiana gharama.

La mwisho linahusu data, nalo ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Kontena limeumbwa kuwa kitu cha kutupwa na kubadilishwa. Data zilizoandikwa ndani yake hupotea linapofutwa, isipokuwa zimeelekezwa kwenye hifadhi iliyo nje yake. Na hifadhi hiyo nayo inahitaji nakala ya akiba mahali pengine. Kabla ya kuingiza jina la mgonjwa wa kweli, mwambieni mtoa huduma aandikishe wagonjwa wachache wa kubuni, alifute kontena la data mbele ya kamati, kisha aliwashe upya. Majina yale yasiporudi, msitie sahihi.