Je, Wajua? Kadi ya Salamu Imehamia Simuni

Je, wajua kwamba televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Tanzania, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, redio haikuguswa? Wilayani Kilolo, mkoani Iringa, redio bado inasikika kwa FM, na mawimbi hayo hayapendi milima: safu ya Udzungwa ikikinga mbele, bonde lililo nyuma hukosa matangazo hadi mtambo mwingine ujengwe.

Kilichobadilika ni sauti ya msikilizaji. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam alijaza kadi ya salamu, akaiposti, akangoja siku nyingi kusikia jina lake. Tangu 2007 mrithi wa redio hiyo ni Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na mkulima wa viazi wa Kilolo anaweza kutuma ujumbe wa simu kipindi kikiwa bado hewani.