Kijana wa Pwani na Kazi ya Polisi: Tujiandae Kabla ya Tangazo

Kila usajili wa polisi unapotangazwa, hapa Malindi na Kilifi huzuka mambo mawili. Vijana hukimbia huku na huku kutafuta vyeti, na wazee hukaa barazani kulalamika kwamba nafasi zetu zimechukuliwa na watu wa mbali. Usajili ukisha, kelele hunyamaza na sote tunangoja mwingine. Nayaandika haya wakati hakuna tangazo lolote mezani, kwa sababu huu ndio wakati wa kujiandaa. Nimesaidia vijana kadhaa wa mtaani kwetu kupanga karatasi zao, na maswali wanayoniuliza ni yale yale. Leo nitayajibu kwa pamoja.

Nani hasa anayeajiri?

Tuanze hapa, maana wengi hukosea. Marekani wana polisi wa mji, polisi wa jimbo, na juu yao maofisa wa serikali kuu kama FBI. Kenya haiko hivyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiacha kazi ya polisi mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kifungu cha 243 kinaunda Huduma ya Taifa ya Polisi yenye matawi mawili, Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala. Chini ya Inspekta Jenerali huyo huyo iko Idara ya Upelelezi wa Jinai, tunayoiita DCI.

Askari wa kaunti unaowaona sokoni wakikagua leseni ni waajiriwa wa kaunti na kazi yao ni sheria za kaunti. Kwa hivyo gavana hana uwezo wa kukuandika polisi, wala mbunge, wala mwakilishi wa wadi. Anayekuahidi nafasi hiyo jukwaani anagawa asichokuwa nacho.

Tena, polisi si mlango pekee. Kuna Shirika la Wanyamapori, KWS, ambalo askari wake hupitia chuo cha Manyani kule Taita Taveta. Hawa ndio walinzi wa hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968. Kuna Huduma ya Misitu, ambayo hapa kwetu ina msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna Magereza, ambao chuo chao kiko Ruiru. Kuna Uhamiaji na maofisa wa forodha. Na kuna Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya 2018 na kuzinduliwa Liwatoni, Mombasa, mwaka huo huo. Kazi yao ni kupambana na uvuvi haramu, magendo, dawa za kulevya na uchafuzi wa bahari. Mtoto aliyekulia Mayungu au Ngomeni, anayejua kuogelea, kusoma upepo na kutengeneza injini ya boti, ana ujuzi ambao hazina hiyo haifundishwi darasani kwa mwezi mmoja. Lakini ujuzi huo bila cheti cha kidato cha nne haumfikishi mbali.

Masharti yenyewe

Kwa cheo cha konstebo, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka Mkenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 28, aliyepata angalau alama ya D+ katika KCSE, na asiyepungua D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Anatakiwa awe na afya njema na kimo kilichowekwa, asiwe na rekodi ya jinai, na mwanamke asiwe mjamzito. Soma tangazo la mwaka wenyewe neno kwa neno, maana masharti hubadilika.

Vijana wengi huniuliza njia ya kuingia DCI moja kwa moja. Kwa kawaida mpelelezi huanza kama polisi wa kawaida. Hupitia mafunzo ya makurutu Kiganjo, kaunti ya Nyeri, au vyuo vingine, akahudumu, kisha akachaguliwa kwenda kusomea upelelezi. Wenye shahada nao huwa na nafasi zao, hasa fani zinazohitajika. Upelelezi wa leo hauishii kwenye kumhoji mshukiwa tu. Mwaka 2022 ilizinduliwa maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai katika makao makuu ya DCI, barabara ya Kiambu, Nairobi. Humo wanahitajika watu wa kemia, baiolojia, kompyuta na hesabu za fedha. Kijana anayesoma sayansi Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi asidhani kazi hii ni ya wenye misuli pekee.

Karatasi huangusha wengi kuliko mbio

Nimeona vijana wenye mbio za ajabu wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athman, kitambulisho kinasema Othman, cheti cha KCSE kinasema Athumani. Kwa wenzetu Wagiriama hutokea jina la baba likawa mbele shuleni na nyuma kwenye kitambulisho, Kazungu Kahindi akageuka Kahindi Kazungu. Ofisa anayesajili ana mstari mrefu mbele yake na hana wakati wa kusikiliza historia ya jina lako. Kaa leo na mzazi wako, mpange vyeti vyote mezani na mlinganishe herufi kwa herufi. Penye tofauti, anza masahihisho sasa, maana huchukua miezi.

Kitambulisho nacho kina kisa chake Pwani. Kwa miaka mingi vijana wa Kiswahili, Kibajuni na wenye asili ya Kiarabu wamepitia usaili wa ziada, wakiulizwa vyeti vya babu. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuufuta usaili huo. Aliyekata tamaa zamani na arudi kuomba upya, asingoje wiki ya usajili.

Kisha iko hati ya tabia njema, inayotolewa na DCI. Unaomba na kulipa kupitia eCitizen, unachapisha fomu, unapeleka alama za vidole kwa maofisa wa DCI, pamoja na walio katika vituo vya Huduma. Hapa nataka nisema wazi na vijana wa maskani. Kupatikana na hatia kwa msokoto mmoja wa bangi ni rekodi ya jinai. Hukumu ndogo ya siku moja pale mahakamani inaweza kufunga mlango huu na mingine mingi. Na aliyezoea unga au vidonge hatauvumilia mwezi wa kwanza wa mafunzo hata akipita langoni.

Mwili nao ujengwe mapema

Usajili hufanywa uwanjani, mbele ya watu, na kwa kawaida mbio ndizo za kwanza kupunguza umati. Miezi mitatu ya kukimbia alfajiri ufuoni, baada ya sala na kabla ya jua kali, inatosha kumbadilisha kijana wa kawaida. Mchanga wa Silversands haulipishwi kiingilio. Anza polepole, ongeza kila wiki, na fanya mazoezi ya kujiinua kwa mikono.

Pita pia hospitali upimwe macho, meno, masikio na shinikizo la damu. Heri ujue mapema kuwa una jino la kuziba kuliko kuambiwa siku ile mbele ya watu mia tano. Wasichana nao wajiandae. Katiba inasema katika vyombo vya umma vya uteuzi jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na kwenye usajili wa hapa kwetu wasichana wanaojitokeza bado ni wachache.

Usinunue nafasi

Mama mmoja mtaani kwetu aliuza kiwanja ili mwanawe "aingizwe". Pesa zilikwenda, kijana hakuitwa, na dalali akabadilisha nambari ya simu. Visa kama hivi kila mtaa unavyo, na wengi huvinyamazia kwa aibu.

Tukumbuke ya 2014. Julai mwaka huo walisajiliwa makurutu wapatao 10,000 nchi nzima. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ikaenda kortini ikisema zoezi lilijaa ufisadi na ukiukaji wa taratibu. Oktoba 31, Jaji Isaac Lenaola alilifuta zoezi zima. Waliohonga na wasiohonga wote waliambulia patupu. Tangu 2016 tuna Sheria ya Hongo, inayomtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea, na kifungo chake chaweza kufika miaka 10. Basi anayenunua nafasi ya kulinda sheria ameivunja kabla hajavaa sare, na akishaivaa atatafuta pa kurudishia pesa zake. Mwisho wake tunaujua, ni mwenye bodaboda na muuza samaki wanaolipa. Ukiombwa hongo, EACC wana nambari ya bure 1551, na IPOA ni 1559.

Kwa nini tujisumbue?

Wako wanaoniambia, "Mwalimu, mbona unawapeleka watoto wetu kwa watu waliotuonea?" Swali hili silidharau. Zipo familia kutoka Lamu hadi Kwale ambazo kijana wao alichukuliwa akatoweka, na mpaka leo hazina kaburi la kuzuru. Uchungu huo ni wa haki, na kudai majibu ni haki pia.

Lakini niliyafikiria sana ya Shakahola. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu ule wa Magarini, na miili ikazidi 400. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, katika ripoti yake ya Machi 2024, iliwalaumu maofisa wa usalama wa Malindi kwa kutochukua hatua licha ya kupata habari mapema. Watu walikuwa wamesema. Hawakusikilizwa. Sidai kwamba ofisa wa kwetu angekuwa malaika, maana uzembe hauna kabila. Ila ofisa anayekijua Kigiriama, anayeelewa kwa nini mzee wa kijiji ana wasiwasi, na ambaye mamake anaishi maili kumi kutoka hapo, anayo sababu zaidi ya kunyanyuka kitini.

Anayeingia aingie akijua pia kwamba sare si kinga. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama zikiishia nje ya saa za korti. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake Josphat Mwendwa na dereva wao Joseph Muiruri. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maofisa watatu wa polisi na mpasha habari wao. Aliyeamrishwa kutenda dhuluma na akatenda, kesho atasimama kizimbani peke yake. Kijana asiyeweza kumwambia mkubwa wake "hapana, afande" kwa heshima na kwa sheria mkononi, bora atafute kazi nyingine.

Wazazi na walimu wenzangu, tuna la kufanya. Shule ziwaambie watoto wa kidato cha pili, si cha nne, kwamba Kiswahili na Kiingereza ni sharti la kazi hizi. Misikiti, makanisa na vikundi vya vijana vitenge siku moja kila mwaka ya kukagua vyeti na majina, wale wenye simu wawasaidie wasio nazo. Walio kazini tayari, wakija likizo, wakae na vijana jioni moja wawaeleze ukweli wa kazi, raha yake na karaha yake, uhamisho wa Turkana na usiku wa doria.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tangazo likitoka huwa linatoa siku chache tu. Atakayekuwa na kitambulisho, vyeti vinavyofanana majina, rekodi safi na mapafu yenye pumzi hatahitaji kumjua mtu. Asiyekuwa navyo, hata akimjua mtu, atakuwa amempa dalali sababu ya kumpigia simu.