Je, asiye fundi anaweza kujiundia mashua ya tanga nyumbani?

Mtaa wa Hai Jalaba mjini Juba unakumbusha jalaba, wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Sudan. Katika karne ya 19 watangulizi wao walipanda Mto Nile kwa nagari, chombo cha tanga kilichosukumwa na upepo wa kaskazini na kurudishwa na mkondo.

Nagari haikuwa na mataruma. Mti wa sunt, aina ya mgunga, ni mgumu lakini hautoi mbao ndefu. Mafundi walipanga vipande vifupi mithili ya matofali, wakavipigilia misumari ubavu kwa ubavu. Unene wa mbao ndio ulioshikilia umbo. Kazi hiyo hutaka jicho la fundi, na haifai kujifunzia uani peke yako.

Njia nyepesi ilienea kupitia Mirror, mashua ya plaiwudi ya mita 3.3 iliyobuniwa Uingereza na Jack Holt na Barry Bucknell mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vipande hukatwa kwa kipimo, hushonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo hufunikwa kwa utepe wa nyuzi za kioo na gundi ya resini. Watu wa pwani wataukumbuka mtepe, ulioshonwa kwa kamba za nazi.

Tatizo ni plaiwudi yenyewe. Ile ya dari hubanduka tabaka ikilowa. Chemsha kipande kwa saa kadhaa. Kikiachana, kitafaa kabati tu.

Mirror pia ina vyumba vya hewa vilivyozibwa, vinavyoielesha hata ikijaa maji. Kuviacha ili kuokoa mbao kunashawishi, ila mkondo wa Juba una nguvu, na waogeleaji si wengi.