Mtoto ni wa Kitanda cha Ndoa

 

Ndugu Waislamu, hapa Ushirombo na katika ukanda mzima wa dhahabu, ambako waume huenda machimboni wakakaa huko miezi mingi, swali hili si geni. Mwanamume humwona mtoto katika nyumba ya mwenziwe, akasema: huyu ni damu yangu. Je, aweza kumvua mume ubaba?

Jambo kama hili lilifikishwa mbele ya Mtume (S.A.W.) katika mwaka wa kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria. Saad bin Abi Waqqas alimdai mtoto mmoja akisema ni mwana wa nduguye Utba, ambaye alimwusia amchukue. Abdi bin Zam'a akapinga, akasema kuwa mtoto yule ni ndugu yake, amezaliwa na mjakazi wa baba yake, katika kitanda cha baba yake. Mtume akamtazama, akaona wazi kuwa amefanana na Utba. Hata hivyo alihukumu kuwa mtoto ni wa mwenye kitanda, na mzinifu hana haki. Kisha akamwamuru mkewe, Bibi Sauda binti Zam'a, ajisitiri mbele ya mtoto yule, ingawa kwa hukumu alikuwa nduguye. Basi mfanano ule haukukanushwa. Ulipewa nguvu ya tahadhari, haukupewa nguvu ya kuvunja nasaba.

Mwenye njia ya kukanusha ni mume, kwa liani iliyotajwa katika Sura ya An-Nur. Huapa mara nne kuwa asema kweli, na mara ya tano hujiapiza laana ya Mungu akiwa mwongo. Mke naye hujitetea kwa viapo vyake. Ndoa hukatika, na mtoto hunasibishwa kwa mama yake. Hata hapo yule mtu wa tatu hapati kitu. Na katika madhehebu ya Shafii, mume akijua akanyamaza bila udhuru, haki hiyo humtoka.

Vijana husema: siku hizi kipo kipimo cha vinasaba. Ni kweli. Baraza la Fiqhi la Makka lililizingatia jambo hili mwaka 2002, likaamua kuwa kipimo hicho kisitumike kukanusha nasaba iliyokwisha kuthibiti kisheria, wala kisitangulizwe mbele ya liani. Watoto wakichanganyika hospitalini, hapo chafaa.

Mahakama za Tanzania zina njia yake. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 humhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa ni wa mume, na vile vile aliyezaliwa katika siku 280 baada ya ndoa kuvunjika huku mama hajaolewa tena. Ila ikithibitika kuwa mume na mke hawakuweza kukutana wakati mimba ilipoweza kutungwa. Mume aliyekuwa mbali machimboni wakati wote huo huingia katika maneno haya. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huruhusu mahakama iombwe itamke mzazi ni nani, na mahakama yaweza kuamuru kipimo cha vinasaba.

Lakini anayekwenda huko akumbuke kuwa dai lake ni kukiri zinaa mbele ya watu, na ni kumtuhumu mke wa mtu. Asiye na mashahidi wanne hukabiliwa na adhabu ya kashfa, nayo ni mapigo 80. Sisi hatumshauri mtu aifungue siri ambayo Mungu ameisitiri.

Analoweza ni hili: kumsaidia mtoto kwa staha, bila kuivuruga nyumba ile, na kumwusia mali isiyozidi thuluthi, kwa kuwa mtoto huyo si mrithi wake. Tena, ikija posa baina ya mtoto yule na mmoja wa wanawe, asinyamaze. Amwendee sheikh mwaminifu, amweleze kwa faragha, posa izuiwe kabla ya mahari kupokelewa.