Risasi Zijazwazo Nyumbani Afrika Kusini

Mwezi Mei mwaka 2021 Serikali ya Afrika Kusini ilichapisha muswada wa kurekebisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2000. Moja ya mapendekezo yake lilikuwa kuwapiga marufuku raia kujaza risasi wenyewe. Wawindaji na walenga shabaha walipinga vikali, na ubishi huo hauwezi kueleweka bila kwanza kuielewa kazi yenyewe.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwake, baruti, na kichwa kinachoruka. Bunduki ikisha kulia, ganda hubaki zima. Mjazaji hulisafisha, hulirudisha katika umbo lake kwa mtambo wa mkono, hutia fataki mpya, hupima baruti, kisha hushindilia kichwa. Kwa kuwa ganda ndilo lenye gharama kubwa, mtu apigaye shabaha kila juma huokoa fedha nyingi.

Lakini kazi hii haina huruma kwa mzembe. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 1 haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Katika risasi nyingi za bastola kipimo cha baruti ni kidogo mno kiasi kwamba kipimo maradufu huweza kuingia bila kumwagika. Mjazaji asipotazama ndani ya kila ganda, silaha yaweza kupasuka mkononi. Baruti ikipungua nayo ni hatari, kwani kichwa hukwama katika mtutu, na risasi ifuatayo hukutana na kizuizi. Ndiyo maana mwanafunzi wa kazi hii hufuata kitabu cha vipimo kilichotolewa na watengenezaji, huanzia kipimo cha chini, na huweka mezani baruti ya aina moja tu. Huvaa miwani ya kukinga macho, na hunawa mikono kwa sababu ya risasi ya madini, yaani sumu yake. Sigara haina nafasi katika chumba hicho. Wala redio, ingawa inauma kusema hivyo katika redio.

Sheria ya mwaka 2000 haikuwaacha watu hao huru kabisa. Ajazaye lazima awe na leseni ya silaha itumiayo risasi hizo, na mwenye leseni ya kawaida haruhusiwi kuweka zaidi ya risasi 200 kwa kila silaha. Tena, mwaka 2001 huko Blantyre, nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, zilitia saini itifaki ya kudhibiti silaha pamoja na risasi.

Hofu ya watawala ina msingi: risasi iliyojazwa nyumbani haimo katika daftari la muuza duka yeyote. Hata hivyo baruti na fataki hununuliwa kwa leseni, na hapo ndipo penye mlango unaoweza kulindwa bila kumnyang'anya mwindaji mizani yake.