Michezo ya Video ya Kusogeza Mwili: Je, Familia Inunue?

Mzazi anayeona watoto wakikaa kutwa mbele ya televisheni huvutiwa na mchezo unaowataka wasimame. Mtambo wa Wii, uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 2006, ni wa aina hiyo. Kishikio chake kina kipima mwendo ndani. Ukizungusha mkono kama mtu apigaye mpira wa tenisi, mchezaji kwenye televisheni naye hupiga. Hata bibi huweza kucheza bila kujifunza vitufe vingi, na kwetu hiyo ni faida kubwa kuliko mazoezi yenyewe, kwani mtoto mjanja hugundua mapema kwamba kutikisa mkono akiwa ameketi kunatosha.

Mitambo hiyo zaidi ya milioni 100 iliuzwa, hivyo iliyotumika bado hupatikana. Lakini duka lake la intaneti lilifungwa mwaka 2019. Basi hakikisha unaununua pamoja na diski zake. Ndugu wanaotutumia mizigo kutoka Marekani wakumbuke kuwa adapta ya huko ni ya volti 120, na umeme wetu wa volti 230 utaiharibu. Tena mtambo wa Marekani hausomi diski za Ulaya. Kinect ya Microsoft haina kishikio kabisa, ila huhitaji nafasi ya karibu meta mbili mbele ya televisheni, na iliacha kutengenezwa mwaka 2017.

Kama sebule ni finyu, au wazazi hawana nia ya kucheza pamoja na watoto, tunashauri fedha hiyo inunue mpira wa miguu kwanza.